Dirisha Lililosema Karibu

Hapo kale, yaani kama mwaka juzi hivi, palikuwa na nchi iliyoitwa Subirani. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Mchora ramani alipokwenda kuomba kibali cha kuichora aliambiwa aje kesho, na kwa kuwa ni mtu mstaarabu, mpaka leo anakwenda.

Ilikuwa nchi nzuri, yenye amani tele na foleni ndefu zilizopandiwa miti pembeni ili wananchi wapate kivuli. Kila ofisi ilikuwa na dirisha, kila dirisha lilikuwa na karani, na kila karani alikuwa na maneno mawili aliyofundishwa chuoni: "Njoo kesho." Mwaka wa kwanza walisoma "njoo". Mwaka wa pili walisoma "kesho". Mwaka wa tatu walifanya mazoezi kwa vitendo, na wale waliofeli walipelekwa kuwa madaktari.

Katika nchi hiyo aliishi Sikudhani, binti wa Bi Mashavu, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza magemu ya simu. Ndiye aliyetengeneza Foleni, gemu lililopendwa Subirani kuliko soka na kuliko wali wa sikukuu. Mchezaji wa Foleni anaamka alfajiri na kushika nafasi. Akibanwa na haja anaweka jiwe mahali pake, kama desturi ya nchi inavyotaka, maana Subirani unaweza kumruka mtu lakini huwezi kuliruka jiwe lake. Anapambana na wale wanaokuja wakisema "mimi nilikuwa hapa, nilitoka kidogo tu". Anavumilia jua, mvua, na karani anayekwenda kunywa chai. Mwisho anafika dirishani, karani anainua macho, anasema "Njoo kesho", fataki zinalipuka, ngoma inapigwa, na mchezaji anapanda hatua nyingine, ambayo nayo inaishia hapo hapo.

Watu waliokuwa kwenye foleni za kweli walicheza Foleni ili muda upite. Waziri wa Subira na Utaratibu, Mheshimiwa Dastani Mgongolwa, alimvisha Sikudhani nishani na kusema kwamba hajapata kuona kazi ya sanaa inayoitangaza nchi vizuri namna ile. Mhakiki mkuu wa taifa, Daktari Lwitiko Pembe, aliandika kwamba mwisho wa gemu ulimtoa machozi kwa jinsi ulivyokuwa wa kweli. Sikudhani alifurahi kama ambavyo wewe ungefurahi. Angeweza kuishi hivyo mpaka uzeeni kama mama yake asingemuuliza swali.

Bi Mashavu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa kuuondoa ugonjwa huo alikuwa nchi ya jirani, kwa sababu mashine ya hapa nyumbani ilikuwa bado bandarini ikingoja kibali. Ili kwenda nchi ya jirani ilihitajika paspoti, na ili kupata paspoti ilihitajika foleni ya Dirisha la Tatu, ambako Bi Mashavu alikuwa na jiwe lake, jeusi, laini, linalojulikana na kila mtu. Jioni moja alikuwa amekaa kitandani akicheza Foleni, simu imegusa pua.

"Siku."

"Abee, mama."

"Huyu kijana wa kwenye gemu lako, anatafuta nini pale dirishani?"

Sikudhani akafikiri. Ajabu ni kwamba yeye aliyemtengeneza kijana yule, akamchagulia mpaka rangi ya viatu, hakuwahi kujiuliza.

"Labda paspoti, mama."

"Basi mpe. Jicho hili la kushoto limeshafunga, na la kulia limebaki upenyo kama wa mlango. Ya kwangu sijui kama nitaiona. Nionyeshe hata ya kwake."

Sikudhani akasema atajaribu, kisha akaenda jikoni kukata vitunguu ili apate kulia bila maswali.

Ndivyo lilivyozaliwa Foleni la Pili. Mwanzo ulikuwa ule ule: alfajiri, jiwe, jua, chai ya karani. Lakini mchezaji alipofika dirishani, karani aliinua macho, akatabasamu, akasema "Karibu", akagonga muhuri. Tena haikuishia hapo. Mchezaji akishapata haja yake anaingia ndani, anakaa kwenye kiti cha karani, na sasa ni zamu yake kuihudumia foleni kwa kidole gumba, mtu baada ya mtu. Kilichomsumbua Sikudhani ni sauti ya muhuri, kwani hapakuwa na mtu Subirani aliyewahi kuisikia. Mwishowe alichukua kandambili ya mama yake, akaipiga kwenye sakafu yenye maji: pwa! Bi Mashavu aliposikia pwa ile ikitoka kwenye simu, alicheka mpaka akashika mbavu, akataka irudiwe. Sikudhani akadhani nchi nzima itacheka vilevile.

Gemu lilitoka Jumamosi. Jumapili asubuhi mlango ukagongwa, na alikuwa Zabroni, bingwa wa taifa wa Foleni, mwenyekiti wa chama cha mashabiki, kijana mnene mpole ambaye hakuwahi kuinua sauti maishani mwake. Macho yalikuwa mekundu.

"Dada Siku, tumekukosea nini?"

"Kwani vipi, Zabroni?"

"Nimesimama usiku kucha. Nimefika dirishani, nimejiandaa kama kawaida, nimeweka kichwa chini, nangoja nifukuzwe. Ananiambia karibu! Dada, niliangusha simu kwenye ugali."

"Lakini amekuhudumia."

"Ndiyo hilo ninalosema!" Zabroni akajifuta macho kwa fulana yenye picha ya dirisha lililofungwa. "Sasa yale yote niliyovumilia yalikuwa ya nini, kama mlango ulikuwa unafunguka tu?"

Zabroni hakungoja jibu. Kufikia mchana mashabiki walikuwa wameandamana. Kwa kuwa ni watu wa Subirani, waliandamana kwa foleni: walijipanga kuanzia mlangoni kwa Sikudhani mpaka sokoni, kila mmoja na lalamiko lake, na wale waliokuwa na shughuli nyingine waliacha mawe. Sikudhani akafanya kosa ambalo mtu mwenye akili zake asingelifanya. Alifungua mlango, akaweka kiti, akaanza kuwasikiliza mmoja baada ya mwingine, akiwaomba radhi na kuwapa maji ya kunywa. Hilo ndilo lililowaudhi kuliko gemu lenyewe.

"Hata malalamiko yetu anayapokea!" alipiga kelele mama mmoja aliyekuja na mwavuli. "Nimejiandaa kukaa hapa wiki nzima, nimefungasha na maandazi, ananisikiliza siku ya kwanza! Huyu mtoto hana adabu."

Usiku ule Daktari Lwitiko Pembe alionekana kwenye televisheni ya taifa, amevaa tai mbili kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa zito. Mtangazaji akamuuliza amelionaje Foleni la Pili.

"Kwanza niweke wazi kwamba sijalicheza," alisema Daktari. "Mhakiki akishacheza, anapoteza uwezo wa kuhukumu bila upendeleo. La kwanza pia sikulicheza, na mnajua jinsi nilivyolisifu. Lakini nimeelezwa kwamba mtu anakwenda ofisini na anapata alichofuata. Ndugu watazamaji, hii ni ndoto ya mchana. Ni uvivu wa fikra! Msanii mkomavu humfikisha mchezaji dirishani na kumwacha pale, akue."

Bi Mashavu aliyekuwa akisikiliza kutoka kitandani alisema, "Huyo naye akue tu." Lakini Sikudhani hakucheka. Alikuwa ameshapokea simu kutoka Wizara ya Subira na Utaratibu.

Mheshimiwa Mgongolwa alimpokea katika ofisi pana yenye zulia, kalenda ya mwaka uliopita na saa iliyosimama. Alimpa kiti, akampa soda, akamhakikishia kwamba hapo ni nyumbani.

"Mwanangu," alisema, "Serikali haina tatizo hata kidogo na mwananchi kuhudumiwa. Tatizo ni mwananchi kuzoea. Leo umemwonyesha dirisha linalofunguka kwenye simu. Kesho atayatazama madirisha yetu kwa jicho hilo hilo. Umefikiria jicho hilo?"

"Ninachofikiria mimi ni jicho la mama yangu, Mheshimiwa."

"Na sisi tunalifikiria!" Waziri akaweka mkono kifuani. "Nimeambiwa Bi Mashavu amekaribia kabisa Dirisha la Tatu. Ana jiwe zuri, jeusi. Ingesikitisha sana jiwe kama lile likipotea. Unajua wafagiaji wetu walivyo, hawachagui."

Sikudhani akaweka soda chini. Alikuwa hajainywa. Watu walikuwa wakiishi na kufa Subirani bila nyumba, bila ajira na bila meno, lakini mtu asiye na jiwe hakuwa na mbele wala nyuma. Ikipotea nafasi ile, mama yake angeanza tena mwisho wa foleni, kule nyuma ya kiwanda cha matofali, na lile jicho lililobaki lisingesubiri.

"Mnataka nifanye nini, Mheshimiwa?"

"Mimi? Mimi sitaki kitu. Kamati ndiyo itakayotaka."

Ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Kulichunguza Neno Karibu. Daktari Lwitiko aliwakilisha fikra, Zabroni aliwakilisha mashabiki, na makarani waliwakilishwa na Bwana Hamduni wa Dirisha la Tatu mwenyewe, mtu mwembamba wa sweta lisilo na mikono, aliyekuwa akisema "Njoo kesho" kwa sauti tamu hivi kwamba watu wengine walimrudia makusudi. Kwa kuwa Daktari alikuwa akitunza kutopendelea kwake, na Zabroni aliapa hataligusa tena gemu lile, ilibidi Bwana Hamduni ndiye alicheze kwa niaba ya taifa. Alilicheza ofisini, simu ikiwa ndani ya droo, kati ya bakuli la vitumbua na muhuri wa Jamhuri ambao haujawahi kutumika.

Kikao kilifunguliwa kwa dua, wimbo wa taifa na chai. Waziri akamtaka Bwana Hamduni atoe taarifa. Hamduni akasimama, akakohoa, kidole gumba chake kikicheza chenyewe juu ya meza.

"Mheshimiwa, mimi nina swali moja tu kwa mtengenezaji. Yule karani wa kwenye gemu, kila akigonga muhuri anatabasamu. Anatabasamu nini?"

"Amefurahi, Bwana Hamduni," alijibu Sikudhani.

"Kwa kazi?"

"Kwa kazi."

Hamduni akaketi taratibu, akainama kukitazama kidole chake.

"Mmesikia!" akanguruma Daktari Lwitiko. "Karani anafurahia kazi! Hata watoto wachanga hawadanganywi hivi!"

Waziri akasoma hukumu iliyokuwa imeandikwa kabla ya kikao ili kuokoa muda: neno "Karibu" lifutwe, "Njoo kesho" irudi, na mtengenezaji aombe radhi akiwa amesimama kwenye jua. Ndipo Sikudhani, ambaye kichwani alikuwa akiliona jiwe jeusi likisombwa na ufagio, alipopata wazo. Halikuwa wazo zuri, lakini lilikuwa la haraka.

"Mheshimiwa, mmenielewa vibaya," alisema. "Mimi sikuandika karibu ya kuingia. Niliandika karibu ya bado kidogo."

Waziri akaiweka hukumu mezani.

"Fafanua," alisema Waziri.

"Kama mtu anavyosema, sikukuu iko karibu. Imefika? Haijafika. Mvua iko karibu. Imenyesha? Haijanyesha. Karani anamwambia mwananchi: huduma iko karibu. Ni Njoo kesho ile ile, Mheshimiwa, ila imesemwa kwa heshima."

"Na muhuri?"

"Muhuri mwananchi anautamani tu, Mheshimiwa. Anaota amesimama."

Zabroni ndiye aliyeanza kupiga makofi. Machozi ya furaha yalimtoka. Gemu lake lilikuwa limerudi. Daktari Lwitiko naye akavua tai moja, akatangaza kwamba tangu mwanzo alikuwa amehisi kina fulani katika kazi hii, kina ambacho watu wa kawaida wasingekiona, na usiku ule ule alirudi kwenye televisheni kulieleza Foleni la Pili kuwa ndilo lile la kwanza, ila limekomaa. Waziri alifurahi kupita wote. Alisema "Njoo kesho" ilikuwa na ukali kidogo, wageni walikuwa wakiilalamikia, na akaagiza kuanzia Jumatatu makarani wote wa Subirani waseme "Karibu".

Jumatatu ikafika, na mambo yakawa kama alivyoagiza. Mwananchi anafika dirishani, karani anamwambia "Karibu", mwananchi anashukuru, anageuka, anarudi nyumbani akiwa ameridhika kabisa. Wizara ikapata tuzo ya ukarimu kutoka nje. Tatizo ni kwamba neno halina mipaka. Mtu akipiga hodi kwa jirani, akiambiwa karibu, anasema asante na kuondoka. Wakwe walirudi na posa zao kutoka mlangoni. Harusi ya mpwa wa Zabroni ilikosa watu kwa sababu kadi ziliandika "mnakaribishwa", na kila mtu akaelewa kwamba bado. Bwana harusi alikula pilau sufuria nzima na bibi harusi wake, wakilia.

Sikudhani aliona haya, na haya yake hayakuwa ya kuigiza. Gemu lake lilikuwa likisifiwa kila kona, na kila sifa ilimchoma. Alikuwa amelichukua neno ambalo bibi yake alikuwa akilisema huku ameshasogeza kiti, akaligeuza ukuta ili kuokoa jiwe. Alipomweleza mama yake, Bi Mashavu alipapasa mpaka akaupata mkono wa binti yake.

"Ulifanya kwa ajili yangu," alisema. "Lakini pwa usiitoe. Hiyo waachie."

Zamu ya Bi Mashavu ilifika asubuhi moja ya joto. Jiwe lake jeusi lilikuwa la mbele kabisa. Sikudhani alimshika mkono mpaka dirishani, na nyuma yao alisimama Zabroni, aliyekuwa akitafuta kitu ambacho mwenyewe alishakisahau. Jicho la kulia la Bi Mashavu lilikuwa limebakiwa na mwanga kiasi cha kumwonyesha kwamba mbele yake kuna sweta.

Bwana Hamduni aliinua macho. Alikuwa amekonda zaidi. Alimtazama mama yule, akamtazama binti yake, kisha akatabasamu kwa shida, kama mtu anayevaa kiatu kipya.

"Karibu, mama," alisema.

"Ahsante, mwanangu," alijibu Bi Mashavu. "Siku, twende."

Wakageuka. Hata Sikudhani aligeuka, kwa kuwa alilijua neno lile kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyeliua.

"Hapana, mama, karibu!" aliita Hamduni.

"Tumesikia, baba, ahsante sana."

"Karibu! Nasema karibu! Karibuni jamani!"

Kadiri alivyokaribisha ndivyo walivyozidi kuondoka, na foleni nzima ikamtazama kwa mshangao karani anayefukuza watu kwa bidii namna ile. Hamduni alikuwa ametamani wiki nyingi kulifanya jambo hili, kidole chake kilikuwa kimechoka kulifanya kwenye droo, na sasa lugha nzima haikuwa na neno la kulisemea. Akavuta droo, akasogeza vitumbua, akautoa muhuri wa Jamhuri. Ulikuwa mkavu kama mfupa. Akauchovya kwenye wino uliokauka, akaona haushiki, akauchovya kwenye chai yake, akarudi kwenye wino, akaunyanyua juu.

Pwa!

Bi Mashavu akasimama.

"Siku, zima hiyo simu."

"Simu imezimwa, mama."

"Basi hiyo imetoka wapi?"

Foleni yote, mpaka kule kiwanda cha matofali, ilikuwa imekwishaisikia sauti ile mara nyingi mikononi mwao, lakini hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka dirishani. Mama wa mwavuli akashika kifua. Na kutoka ndani ya Dirisha la Tatu ukatoka mkono mwembamba, umeshika paspoti yenye harufu ya chai ya tangawizi. Sikudhani aliipokea, akaiweka kwenye kiganja cha mama yake. Bi Mashavu aliinusa, akaipapasa mahali penye muhuri mbichi, kisha akaisogeza mpaka ikagusa pua, kwenye ule upenyo uliobaki.

"Naiona," alisema. Sikudhani safari hii hakuwa na vitunguu, akalia mbele za watu.

"Anayefuata!" aliita Hamduni. Sauti ilikuwa imempanda, macho yanang'aa, kidole gumba kiko tayari.

Zabroni akageuka nyuma kumtafuta huyo anayefuata.

"Ni wewe," alisema Hamduni.

"Mimi?" Bingwa wa taifa alitokwa na jasho. Alilitazama dirisha lililo wazi, akaokota jiwe lake, akalikumbatia, akaanza kurudi kinyumenyume. "Hapana, kaka, usisumbuke. Mimi nitakuja kesho."

Akajigonga kwa Bi Mashavu, ambaye hakumwona lakini alimjua kwa unene wake. Bi Mashavu akamnyang'anya jiwe, akalitupa mtaroni, akamshika fulana kwa mkono usio na paspoti na kumsukuma mpaka dirishani.

"Kesho ndiyo hii, baba," alimwambia. "Toa kitambulisho."